Programu za wizi na leseni zisizo halali: maswali ambayo wafanyabiashara wa Lubumbashi hutuuliza

Ukurasa huu ni wa wenye biashara ndogo na za kati hapa Lubumbashi: sekretaria za kuchapa karibu na chuo kikuu cha UNILU, maduka ya dawa, ofisi za ramani na ujenzi, mawakala wa forodha wanaopitisha mizigo mpakani Kasumbalesa, na hasa makampuni yanayotoa huduma kwa migodi. Maswali tumeyaacha jinsi watu wanavyoyauliza.

Kompyuta zangu zinafanya kazi, hakuna ujumbe wowote unaotokea. Kwa nini nijisumbue na leseni?

Kufanya kazi hakuthibitishi kitu. Mtu anaweza kushika ufunguo wa nyumba pale Kamalondo, akalala humo miaka, na karatasi za parseli bado ziko kwa jina la mwingine. Kraki, yaani programu inayovunja kufuli la leseni, ni hivyo hivyo: inafungua mlango bila kubadili mwenye haki. Leseni ni ruhusa ya mwenye programu inayoeleza nani atumie, kwenye mashine ngapi, kwa kazi ya aina gani na mpaka lini. Kama matumizi yenu hayalingani na masharti hayo, huna leseni, hata kama ulilipa.

Hilo la kulipa ndilo linalowashangaza wengi. Wafanyabiashara walioiba programu kwa makusudi ni wachache kuliko tunavyodhani. Wengi walitoa dola zao kwa fundi au kwa duka, wakapewa kitu ambacho muuzaji hakuwa na haki ya kukiuza.

Nitatambuaje kama Windows yangu ni halali?

Usiishie kwenye Paramètres, Système, Activation. Pale utasoma tu kwamba imewashwa, na kraki nayo huandika hivyo. Bonyeza kitufe chenye alama ya Windows pamoja na herufi R, andika slmgr /dli, kisha Enter. Subiri kidogo, kitatokea kidirisha chenye mistari michache. Tafuta neno lililo karibu na "channel".

Ukiona OEM_DM, Windows ilikuja na mashine kutoka kiwandani na ufunguo wake umehifadhiwa ndani ya ubao mkuu wa kompyuta. Hiyo ni habari njema. RETAIL maana yake ilinunuliwa peke yake. Hapo tafuta faktire au akaunti iliyonunulia, kwa sababu kraki za siku hizi nazo zinajua kujivika jina hilo. VOLUME_KMSCLIENT au VOLUME_MAK ni leseni za jumla, zile ambazo Microsoft huyauzia mashirika yenye mashine nyingi. Zikionekana kwenye laptop moja ya duka la dawa la Katuba, kuna swali la kumuuliza aliyeiweka.

KMS inahitaji maelezo kidogo, maana ndiyo njia iliyoenea zaidi. Katika shirika kubwa, seva moja ya ndani huwasha kompyuta zote, na kila kompyuta hupata ruhusa ya siku 180 kisha hurudi kwa seva kuomba upya. Aktiveta kama KMSpico na KMSAuto hujifanya seva hiyo ndani ya mashine yako. Andika slmgr /xpr: kama jibu linakuonyesha tarehe ya mwisho, na ofisini kwako hakuna seva ya namna hiyo wala mkataba na Microsoft, basi unajua kilichofanyika.

Na programu nyingine, za michoro na picha?

Hapa kuna kipimo rahisi sana ambacho wauzaji wanategemea usikijue. Adobe iliacha kutengeneza matoleo mapya ya Photoshop ya kununua mara moja mwaka 2013, ikahamia kwenye malipo ya mwezi au mwaka. Autodesk iliacha kuuza leseni mpya za kudumu za AutoCAD mwaka 2016. Kwa hiyo mtu wa barabara ya Mama Yemo anayekuuzia "Photoshop 2024 à vie" au "AutoCAD 2023 ya kudumu" kwenye flashi anakuuzia kraki. Hakuna haja ya kumchunguza zaidi, bidhaa hiyo haijawahi kutengenezwa.

Dalili nyingine zinaonekana kwa macho. Fundi anakuambia uzime antivirusi kwanza. Ndani ya folda ya kusakinisha kuna faili linaloitwa "crack", "patch" au "keygen", na karatasi inayosema usiunganishe intaneti. Programu imekatazwa kupokea masasisho. Jina la mwenye leseni linalotokea mwanzoni ni la kampuni ya Uturuki au chuo cha Brazili. Angalia pia orodha ya folda ambazo antivirusi imeamriwa isizichungulie: mara nyingi kraki hujificha humo, na mwenye biashara hajawahi kuambiwa.

AutoCAD ya wanafunzi nayo isisahaulike. Ni ya kweli, inatoka kwa Autodesk yenyewe, bure. Lakini ni ya kujifunzia. Kijana aliyetoka UNILU akaja ofisini kwako na laptop yake, akachora ramani ya gala ambayo mteja anailipia, amevuka masharti, na wewe pamoja naye.

Nilinunua mashine zilizotumika, zilizotoka Dubai. Windows yake je?

Mara nyingi uko vizuri kuliko unavyofikiri. Mashine za Dell, HP na Lenovo zilizotoka ofisi za nje, zikiwa za tangu siku za Windows 8, kwa kawaida zina ufunguo ndani ya ubao wake. Shida hutokea katikati: mtu anazifomati zote kwa flashi moja, anaweka toleo lisilolingana na ufunguo, kisha anawasha kwa aktiveta. Leseni halali imelala chini, kraki imewekwa juu yake. Tumekutana na hali hii mara nyingi kiasi kwamba sasa ndiyo kitu cha kwanza tunachokitafuta.

Dawa yake ni kufomati upya kwa Windows iliyopakuliwa kwenye tovuti ya Microsoft, bila malipo, kwa toleo lile lile mashine ilikotoka nalo, Home au Pro. Ikiunganishwa na intaneti, kwa kawaida itajiwasha yenyewe. Faili hilo linazidi GB 5, kwa hiyo usilipakue kwa mega za simu. Tafuta sehemu yenye intaneti nzuri, pakua mara moja, tumia kwa mashine zote. Ukiletewa faili na mtu mwingine, lilinganishe na namba ya SHA-256 inayochapishwa na Microsoft: amri certutil -hashfile, jina la faili, kisha SHA256. Herufi moja ikitofautiana, litupe.

Home, kwa taarifa, inaruhusiwa kwa biashara. Kuna mafundi wanaowatisha watu kwamba lazima Pro. Pro inakuongezea mambo kadhaa ya usimamizi, lakini duka lenye mashine mbili linaweza kuishi bila hayo.

Windows 10 imefikia mwisho. Naweza kupanda 11 kwenye mashine hizo?

Microsoft ilimaliza msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, pamoja na Office 2016 na 2019. Windows 11 kwa upande wa Intel inataka kizazi cha 8 au zaidi, pamoja na TPM 2.0, chipu ya usalama iliyo ndani ya mashine. Mashine nyingi zinazouzwa hapa mjini ni za kizazi cha 6 na 7. Fundi anaweza kuilazimisha iingie, lakini Microsoft haiitambui hali hiyo na haitoi ahadi ya masasisho. Kabla ya kulipa, soma namba ya prosesa: i5-6300U ni kizazi cha 6, i5-8350U ni cha 8. Mashine ya zamani yenye afya tunaipa Linux Mint, mfumo wa bure unaoshika nafasi ya Windows, na kwa kazi ya kuandika na intaneti hatujaona mtu akilalamika baada ya kuizoea.

Kuna tovuti zinauza ufunguo wa Windows au Office kwa dola chache. Zinafaa?

Zinawasha, ndiyo. Swali ni ufunguo umetoka wapi. Mwingi wake ni ufunguo wa leseni za jumla uliovuja kutoka shirika fulani, au wa mashine zilizotupwa, au ulionunuliwa kwa kadi za benki zilizoibwa. Microsoft ikigundua inauzima, na aliyekuuzia hayuko tena. Bei ikishuka mbali sana chini ya ile iliyo kwenye tovuti ya mtengenezaji, kuna kitu kimekosekana kwenye kile unachonunua, na mara nyingi kilichokosekana ni haki yenyewe.

Kraki inaweza kunidhuru vipi hasa? Nina antivirusi.

Ulizima antivirusi ili kuisakinisha. Hapo ndipo jibu lote lilipo: umempa mtu usiyemjua ruhusa ya juu kabisa kwenye mashine yako, na ukamfukuza mlinzi.

Mwaka 2021 watafiti wa usalama walionyesha nakala za KMSpico zilizobeba CryptBot, programu inayokusanya nywila zilizohifadhiwa kwenye kivinjari pamoja na pochi za sarafu za kidijitali. Windows iliwaka kama ilivyoahidiwa, mtumiaji akafurahi, na nywila zikaenda. Kuna pia STOP, inayoitwa pia Djvu, ambayo imesambaa hasa kupitia kraki na keygen. Inafunga faili zako zote kwa msimbo na kukuachia karatasi ya kudai dola. Mwaka 2019 kampuni ya Emsisoft ilitoa bure chombo cha kufungua aina 148 za virusi hivyo, lakini aina zilizokuja baadaye nyingi hazifunguki.

Fikiria sekretaria iliyohifadhi tefesi, kazi za kumalizia masomo, za wanafunzi wa mwaka mzima, au wakala wa forodha mwenye hati za mizigo iliyo njiani. Bei ya Office inaonekana ndogo siku hiyo.

Kuna madhara ya polepole pia. Programu iliyozuiwa masasisho hubaki na matundu yanayojulikana. WannaCry, programu nyingine ya kufunga faili na kudai pesa, ilipozunguka dunia Mei 2017, kiraka cha kulifunga tundu iliyolitumia kilikuwa kimetolewa Machi, miezi miwili kabla. Waliopigwa ni wale ambao hawakukiweka.

Mimi natumia za bure tu. Niko salama, si ndiyo?

Inategemea bure ya namna gani. TeamViewer na AnyDesk ni bure kwa mtu binafsi. Kampuni inatakiwa kulipa, na TeamViewer ikihisi ni biashara inakukatia mazungumzo katikati ya kazi. WinRAR ni ya kujaribu siku 40. Baada ya hapo inaendelea kufunguka, ila haki imekwisha. Office ya "Home and Student" hailingani na ofisi. Microsoft 365 ya familia nayo ni ya nyumbani.

LibreOffice, GIMP, Inkscape, QGIS, 7-Zip, VLC na Thunderbird ni mambo mengine kabisa: leseni zake zinaruhusu biashara, mashine moja au mia, bila kuomba. Hizi ndizo tunazozipenda, na tunakiri upendeleo huo waziwazi.

Sheria ya Kongo inasema nini? Kweli kuna mtu anakamatwa kwa Windows?

Haki za waandishi zinalindwa na amri-sheria namba 86-033 ya tarehe 5 Aprili 1986, ya siku za Zaire. Kongo imo katika Mkataba wa Berne, na imekuwa mwanachama wa Shirika la Biashara la Dunia tangu 1997. Mkataba wa TRIPS wa shirika hilo, kifungu cha 10, unasema programu ya kompyuta ilindwe kama maandishi ya fasihi. Halafu kuna amri-sheria ya mambo ya kidijitali, namba 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023, inayogusa biashara ya mtandaoni, taarifa binafsi za watu na makosa ya kompyuta. Kwa kesi maalum, muone wakili. Sisi ni mafundi.

Lakini ukituuliza hatari inatokea upande gani, hatutakuambia polisi. Inatoka kwa virusi, na inatoka kwa wateja wakubwa.

Kampuni ya mgodi imetuletea fomu inayouliza kama programu zetu zina leseni. Tujibu nini?

Ukweli, baada ya kuhesabu. Tangu sheria namba 17/001 ya tarehe 8 Februari 2017 kuhusu ukandarasi mdogo, makampuni mengi ya Wakongomani yameingia kwenye mikataba ya migodi ya Kolwezi, Fungurume na Kipushi. Wateja hao wana wakaguzi wao na masharti ya makao makuu yao, na fomu yenye mstari wa programu na usalama wa kompyuta ni ya kawaida. Ukiandika "ndiyo" na baadaye ukatuma mchoro uliotoka kwenye AutoCAD ya kraki, umesaini uongo ndani ya mkataba. Hilo ni zito kuliko kukosa leseni.

Tengeneza jedwali: kila mashine, kila programu iliyomo, aina ya leseni, tarehe ya kununua, iko kwa jina la nani, faktire iko wapi. Mashine 15 ni kazi ya siku moja. Pale penye pengo, andika kwenye fomu kwamba mnarekebisha na lini mtamaliza. Wakaguzi wanapokea jibu kama hilo. Wasichopokea ni jedwali lisilokuwepo.

Fundi wetu ndiye aliyenunua kila kitu. Tunahitaji kujua nini kutoka kwake?

Akaunti iko kwa anwani gani ya barua pepe. Hilo kwanza. Fundi anafungua akaunti ya Microsoft au Adobe kwa barua pepe yake binafsi, analipa kwa kadi yake ya Visa kwa sababu patroni hana kadi, kisha anarudishiwa pesa kwa M-Pesa au Airtel Money. Nia ni njema. Ila machoni mwa muuzaji, mteja ni fundi. Akipata kazi Kolwezi na kuondoka, leseni inaondoka naye, na kampuni haina hata karatasi moja.

Fungua barua pepe ya kampuni isiyo na jina la mtu, na nywila yake ikae kwa mwenye kampuni. Leseni zote zinunuliwe kwa anwani hiyo. Ukinunua kwa duka la mjini, dai faktire yenye jina la kampuni yako, RCCM, Id. Nat. na namba ya impo ya muuzaji, na jina kamili la toleo na idadi ya leseni. "Kuweka programu, mashine 6" haitoshi. Hiyo ni faktire ya kazi ya mikono.

Muulize pia akaunti moja inatumiwa na watu wangapi. Microsoft 365 ya biashara inamruhusu mtumiaji mmoja kuisakinisha kwenye kompyuta zake tano. Wapo wanaosoma hapo "wafanyakazi watano". Sivyo: ni mtu mmoja, mashine zake tano.

Programu ya uhasibu tunayotumia ni ya kraki ya miaka mingi. Tubadilishe sasa au tusubiri?

Sasa, na ianze hiyo kabla ya nyingine zote. Kongo iko OHADA, jumuiya ya nchi za Afrika zenye sheria moja ya biashara, tangu 2012, na mfumo wa uhasibu uliorekebishwa, SYSCOHADA, ulianza tarehe 1 Januari 2018. Toleo la zamani kabla ya hapo lina mpangilio wa akaunti uliopitwa, na kwa kuwa ni kraki huwezi kumpigia mtengenezaji. Zaidi ya hayo, sheria ya uhasibu ya OHADA inataka vitabu na hati zihifadhiwe miaka 10. Kraki haitakuhakikishia kwamba faili za leo zitafunguka hata mwaka ujao: diski ikifa, ukafomati, ukaweka upya, programu inaweza kukataa kabisa.

Kabla ya kuigusa, toa jarida, daftari kuu na mizania ya kila mwaka katika PDF na Excel, weka nakala kwenye diski mbili, moja isikae ofisini. Ndipo uchague: leseni halali ya programu hiyo hiyo, au Dolibarr au Odoo ya jumuiya, ambazo ni bure lakini zinahitaji mtu wa kuzipanga. Mhasibu ashirikishwe tangu mwanzo. Akiletewa programu mpya asiyoichagua, ataendelea na ile ya zamani kwa siri.

Hatuna pesa ya kulipia vyote kwa mara moja. Tuanzie wapi?

Kwa kuondoa. Karibu kila ofisi tunayoingia ina Photoshop kwenye mashine ya mtu anayekata picha za pasipoti tu, na AutoCAD kwa mtu anayefungua michoro bila kuichora. Autodesk ina kionyeshi cha bure cha kufungulia faili za DWG. Ondoa, halafu badilisha kwa za bure pale inapowezekana, halafu lipia kilichobaki. Kitakachobaki kwa kawaida ni kidogo: mashine moja au mbili za mchoraji, Office kwa wale wanaobadilishana faili ngumu za Excel na wateja, na uhasibu.

LibreOffice ina tabu zake. Excel yenye makro nyingi haitafanya kazi sawasawa, na mpangilio wa hati za Word unaweza kusogea. Tuma PDF pale mteja hahitaji kuhariri. Kama ninyi ni ASBL, angalieni bei za mashirika yasiyo ya faida za Microsoft kabla ya kulipa bei ya kampuni.

Lazima ninunue antivirusi?

Defender iliyomo ndani ya Windows inatosha kwa ofisi nyingi ndogo, ikiwa masasisho yanaingia. Ukinunua boksi la Kaspersky au jingine, soma idadi ya mashine na tarehe ya mwisho ya kuwasha iliyoandikwa juu yake.

Sisi ni wachapishaji. Na fonti je?

Nazo zina leseni. "Free for personal use" haihusu bango la mteja. Fonti za Google Fonts zinaruhusu biashara.

Tumepokea barua pepe inayodai tuna programu za wizi na tulipe ndani ya saa 48.

Usilipe kwa namba ya simu, na usifungue kiambatisho. Watengenezaji wa kweli huandika kwa jina la kampuni yako, hutaja bidhaa, na huomba hesabu ya leseni kabla ya kutaja pesa. Tafuta anwani yao kwenye tovuti yao, uulize kama barua ni yao. Ikiwa ni yao, usikimbilie kufomati mashine usiku huo. Hesabu ulichonacho, kusanya faktire, jibu kwa maandishi, na wakili asome kabla hujatuma.

Wafanyakazi wanakuja na laptop zao. Hilo linatuhusu?

Kama zinafanya kazi yenu, ndiyo. Mwenye laptop anaweza kubaki na anachotaka nyumbani, lakini mchoro au ripoti inayotoka kwa jina la kampuni itengenezwe kwa programu iliyo kwenye jedwali lenu. Njia isiyoleta ugomvi ni kumpa mtu huyo leseni ya kampuni kwa akaunti ya kampuni, aitumie kwenye laptop yake, na siku anapoacha kazi mnaiondoa akaunti hiyo mkiwa ofisini, bila kugusa mashine yake.